Mafuta ya Mimea na Dawa Zisizokubali Maji: Hotuba kwa Wafamasia na Wakamuaji Mafuta, Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mliotutangulia katika taaluma, shikamooni. Wafamasia wenzangu, walimu na wanafunzi wa vyuo vya afya, na ninyi wakamuaji wa mafuta mliotoka Pangani, Muheza na Mkinga kuja hapa Tanga mjini, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya matumizi ya mafuta ya mimea katika dawa za kumeza ambazo viambato vyake haviyeyuki kwenye maji, na nitabaki hapo hapo, kwa kuwa mada yenyewe ni pana kuliko muda niliopewa.

Dawa ya kumeza haiponyi kwa sababu tu imefika tumboni. Ni lazima iyeyuke katika maji ya utumbo, ipenye ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake walipendekeza dawa zigawanywe katika makundi manne kwa kutazama mambo mawili tu, yaani inayeyuka kiasi gani na inapenya kiasi gani. Kundi la pili, la dawa zinazopenya vizuri lakini zinazokataa kuyeyuka, ndilo linalotukutanisha leo. Dawa hizo si ngeni katika maduka yetu: griseofulvini tunayowapa watoto wenye mapunye imo, na efavirenzi iliyotumika kwa miaka mingi katika matibabu ya VVU imo pia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza mwishoni mwa 2006. Ndani yake kuna artemetha na lumefantrini. Maelezo rasmi ya dawa hiyo yanasema kwamba mtu mzima mwenye afya akiimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, artemetha inayoingia katika damu huongezeka mara mbili hadi tatu kuliko akiimeza tumbo likiwa tupu, na lumefantrini huongezeka mara 16. Mara 16, waheshimiwa, kwa vidonge vilevile na kipimo kilekile, tofauti ikiwa ni kile alichokula tu. Ndiyo maana tunawasisitizia wagonjwa wale chochote chenye mafuta au wanywe maziwa. Lakini mwenye homa na kichefuchefu hatamani chakula, na siku ya kwanza ya matibabu, ambayo vimelea bado ni vingi, ndiyo siku anayokula kidogo kuliko zote.

Albendazoli nayo ina habari inayofanana. Ikimezwa na mlo wenye takribani gramu 40 za mafuta, kiwango chake katika damu kinaweza kupanda hadi mara tano. Kwa minyoo iliyomo ndani ya utumbo jambo hilo halina uzito, maana dawa inakutana na minyoo kabla ya kuingia katika damu. Kwa mgonjwa ambaye mabuu ya tegu yamejificha katika ubongo wake, uzito upo, tena mkubwa.

Kutokana na hayo swali linajileta lenyewe: ikiwa mafuta ya mlo yanasaidia hivi, kwa nini tusiyaweke mafuta ndani ya kapsuli pamoja na dawa? Jibu ni kwamba yamekwisha kuwekwa, na baadhi yenu mmeyashika kwa mikono yenu. Zile kapsuli za vitamini A, ya bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 na nyekundu kwa aliyetimiza mwaka, ambazo muuguzi huzikata ncha na kumdondoshea mtoto mdomoni, ndani yake ni vitamini iliyoyeyushwa katika mafuta ya mimea. Huo ndio muundo rahisi kuliko yote, na kwa vitamini A unatosha, kwa sababu vitamini hiyo huyeyuka kwa wingi katika mafuta na kipimo chake ni kidogo. Dawa nyingi hazina bahati hiyo. Mlo una makumi ya gramu za mafuta, ilhali kapsuli kubwa inayomezeka bila taabu hubeba takribani gramu moja. Kwa hiyo gramu hiyo moja inabidi iandaliwe ifanye kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na sahani nzima.

Maandalizi yenyewe ni haya. Kiambato cha dawa huyeyushwa katika mafuta, kisha huongezwa viemulishi, yaani kemikali ambazo molekyuli zake zina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji, na mara nyingi kiyeyushi kidogo kama propilini glikoli au ethanoli. Ndani ya kapsuli mchanganyiko huo ni kimiminika kimoja kisicho na tone la maji. Ukikutana na maji ya tumbo katika joto la mwili, msukosuko mdogo wa tumbo unatosha kuufanya ujitawanye wenyewe kuwa matone madogo mno, ya nanomita 100 hadi 300 hivi, na ukitengenezwa kwa ustadi zaidi matone hushuka chini ya nanomita 100 hata kimiminika kikaonekana angavu chenye rangi ya samawati kwa mbali. Wapishi wa pwani hii wanaijua hali hiyo kupitia tui, ambalo ni matone ya mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya maji na protini za nazi. Lakini tui hupatikana kwa kukuna na kukamua kwa nguvu, na likilala usiku kucha mafuta hupanda juu, ilhali mchanganyiko wetu unatakiwa ujitawanye bila kukamuliwa na ubaki umetawanyika kwa saa kadhaa.

Kuchagua kiemulishi kuna vipimo vyake. Kipimo kinachotumika zaidi kilipendekezwa na William Griffin mwaka 1949, ambapo namba ndogo ni ya kinachopenda mafuta na namba kubwa ni ya kinachopenda maji. Polisobeti 80 ina 15, na sobitani monooleati ina 4.3. Sitakaa hapo, kwa kuwa vitabu vinaeleza vizuri, na kwa kuwa nadhani tunatumia muda mwingi mno kwenye viemulishi na muda mchache mno kwenye mafuta yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu kuna mazoea ya kuyatazama mafuta kama chombo tu cha kubebea dawa, kwamba yakishaitoa kapsulini na kuitawanya kazi yake imekwisha. Si kweli. Mafuta ya mimea ni trigliseridi, yaani molekyuli za gliserini zilizoshikana na asidi tatu za mafuta, na trigliseridi humeng'enywa. Lipasi, yaani kimeng'enya cha kuvunja mafuta, ya tumboni huanza, ile ya kongosho humaliza, na kila molekyuli huvunjwa ikabaki monogliseridi moja na asidi mbili za mafuta. Hizo huungana na chumvi za nyongo na kutengeneza chembe ndogo zaidi hata ya yale matone ya mwanzo, na ndani ya chembe hizo ndimo dawa husafiri hadi kwenye ukuta wa utumbo. Kama mafuta yaliyomeng'enywa yanaendelea kuishikilia dawa, tumefanikiwa. Kama uwezo wa kuishikilia unapungua kadiri umeng'enyaji unavyoendelea, dawa hurudi kuwa fuwele chini ya utumbo na kutoka ilivyoingia. Kwa hiyo mtengenezaji anayechagua mafuta kwa kutazama tu jinsi yanavyotawanyika katika bika la maji amechagua nusu ya kwanza ya safari na kuiacha nusu inayoamua.

Siklosporini ndiyo iliyotufundisha hili kwa gharama. Dawa hiyo, inayozuia mwili kukikataa kiungo kilichopandikizwa, ilipatikana kutoka kwa kuvu wa udongoni na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983. Kapsuli zake za mwanzo zilikuwa na mafuta ya mahindi, na dawa yake ya maji ilikuwa na mafuta ya zeituni. Zilijitawanya kuwa matone makubwa yasiyolingana, zikategemea nyongo ya mgonjwa, na matokeo yake kiasi kilichoingia katika damu kilitofautiana kutoka chini ya asilimia 10 kwa baadhi ya waliopandikizwa ini hadi asilimia 89 kwa baadhi ya waliopandikizwa figo. Kwa dawa ambayo kiwango kidogo humfanya mgonjwa apoteze figo aliyopewa, na kiwango kikubwa huiharibu figo hiyohiyo, tofauti ya namna hiyo haivumiliki. Katikati ya miaka ya 1990 ulitolewa muundo mpya, Neoral, wenye mafuta ya mahindi yaliyokwisha kugeuzwa kuwa mchanganyiko wa monogliseridi, digliseridi na trigliseridi, pamoja na kiemulishi kilichotokana na mafuta ya mbarika. Matone yakawa madogo, utegemezi wa nyongo na chakula ukapungua, na madaktari wakaweza kukisia kiwango cha damu kabla ya kukipima. Angalieni kwamba mmea haukubadilika. Ni mahindi yaleyale. Kilichobadilika ni namna mafuta yake yalivyochakatwa, kwani sehemu ya kazi ya lipasi ilifanywa kiwandani kabla ya mgonjwa kumeza.

Sasa nije kwenye mafuta yetu, jambo ambalo najua wakamuaji wamelisubiri.

Mafuta ya nazi yana sifa nzuri na sifa inayopotosha. Nzuri ni kwamba sehemu kubwa ya asidi zake haina nafasi ya kushikana na oksijeni, hivyo hayachachi upesi kama ya alizeti. Inayopotosha ni jina la "mafuta ya minyororo ya kati". Vitabu vya utengenezaji dawa vinayasifu sana mafuta hayo, na kwa haki: kwa uzito uleule hubeba dawa nyingi zaidi kuliko ya minyororo mirefu, hutawanyika kwa urahisi na humeng'enywa haraka. Lakini yanayosemwa humo ni yale yaliyotengenezwa kwa asidi zenye kaboni 8 na 10. Katika mafuta ya nazi kama yanavyotoka kwenye mbata, asidi hizo mbili kwa pamoja hazifiki sehemu moja ya tano. Karibu nusu ya mafuta ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12. Ili kupata yale ya vitabuni ni lazima asidi zitenganishwe kwa joto na shinikizo la chini, kisha ziunganishwe upya na gliserini. Mtu akikuuzia mafuta ya nazi ya kawaida akidai ni yale ya kapsuli, anakosea, hata kama hakusudii kudanganya.

Tena mafuta ya nazi huganda kwenye takribani nyuzi 24 hadi 26. Hapa mjini hamlioni tatizo hilo kwa miezi mingi, lakini kapsuli hiyohiyo ikipelekwa Lushoto itaganda ndani, na kiambato kinaweza kujitenga katika mgando huo na kisirudi kuyeyuka kapsuli ikipata joto. Dawa inayosajiliwa kwa ajili ya mkoa huu mmoja inabidi ivumilie hali mbili za hewa.

Mafuta ya mbarika, au nyonyo, nayaona kuwa yamedharauliwa isivyostahili. Takribani asilimia 90 ya asidi zake ni risinoleiki, ambayo ina kundi la hidroksili katikati ya mnyororo, na kwa ajili hiyo huchanganyika na ethanoli na kuyeyusha dawa ambazo mafuta mengine huzikataa. Sumu ya mbegu, risini, haiyeyuki katika mafuta. Hubaki kwenye mashudu, na ndiyo sababu mashudu hayo hayapaswi kupewa mifugo ovyo. Viemulishi viwili vinavyojulikana sana katika fani hii hutengenezwa kwa kuyaunganisha mafuta haya na oksidi ya ethilini. Gesi hiyo ni hatari na hulipuka, hivyo kazi hiyo ni ya kiwanda chenye usalama kamili, wala si ya karakana. Kuhusu kuendesha tumbo, ambako bibi zetu walikujua bila kufundishwa, kiasi kinachotumika katika kapsuli ni kidogo kuliko kile cha kuendesha, lakini kwa dawa inayomezwa mara tatu kwa siku hesabu ifanywe.

Ufuta una mizani nzuri ya asidi ya oleiki na linoleiki, na una vilinda-mafuta vyake vya asili vinavyoufanya udumu kuliko alizeti. Alizeti ya Singida na Dodoma inapatikana kwa wingi, ila linoleiki yake hushambuliwa na oksijeni, na bila tokoferoli au kinga nyingine peroksidi, yaani kemikali za mafuta yanayoanza kuchacha, zitapanda. Karanga nitaipita haraka: hutumika katika sindano ya artemetha, lakini kwa sababu ya mzio wasimamizi wengi wanasita kuipokea katika dawa mpya za kumeza, na sioni sababu ya sisi kuanza na mafuta yenye vita ya namna hiyo.

Faida nyingine ya minyororo mirefu, ya kaboni 18 iliyomo katika ufuta, alizeti na mahindi, ni kwamba ukuta wa utumbo huiunganisha upya kuwa trigliseridi na kuipeleka katika mishipa ya limfu badala ya kuipeleka moja kwa moja kwenye ini. Dawa inayopenda mafuta kupita kiasi inaweza kupanda njia hiyo na kuliepuka ini, ambalo huiharibu dawa kabla haijafika popote. Minyororo ya kaboni 8 na 10 haifanyi hivyo, nayo hupita kwenye ini. Kwa hiyo haiwezekani kusema mafuta fulani ni bora, tukaishia hapo. Bora kwa dawa ipi?

Kuna na dawa zinazokataa maji na mafuta pia. Albendazoli niliyoitaja ni mojawapo. Fuwele zake zimeshikamana sana, huyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 200, na kuitia katika mafuta ya nazi hakuibadilishi tabia. Nako kuna kikomo cha kipimo. Mtu mzima hupewa miligramu 480 za lumefantrini kwa mara moja. Tuseme tumepata mchanganyiko unaobeba miligramu 50 kwa kila gramu, ambao si mbaya. Mgonjwa atameza kapsuli karibu kumi za gramu moja, mara sita kwa siku tatu, pamoja na viemulishi ambavyo mara nyingi ni theluthi moja hadi zaidi ya nusu ya mchanganyiko na ambavyo huwasha utumbo. Hapo bado ni nafuu kumpa vidonge vyake na kikombe cha maziwa.

Joto letu nalo linataka heshima. Ritonaviri, dawa ya VVU, ilitoka mwaka 1996 katika kapsuli zenye mchanganyiko wa nusu kimiminika, na mwaka 1998 ikaonekana fuwele za aina mpya, zinazoyeyuka kwa shida zaidi, zikajitokeza ndani yake. Kapsuli zikaondolewa sokoni. Muundo uliofuata, wenye asidi ya oleiki na kiemulishi cha mbarika, uliponya tatizo hilo lakini ulitaka jokofu. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kuahidi jokofu. Baadaye zilikuja tembe zisizolihitaji, na kwa wagonjwa wa nchi zenye joto hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko lile la fuwele. Muundo wowote utakaobuniwa Tanga ujaribiwe kwanza kwa miezi katika joto na unyevu wa Tanga.

Kwa wakamuaji, mchango wenu hauanzi na dawa, unaanza na usafi. Mbata iliyokaushwa vibaya huota kuvu, na mafuta yake yana asidi huru nyingi na rangi nzito. Kiwanda cha dawa kitauliza thamani ya asidi, thamani ya peroksidi, kiwango cha maji na metali, na kitataka jibu la kila shehena. Mafuta yaliyochacha hayanuki tu. Peroksidi zake huiharibu dawa, na aldehidi zinazotokana nazo huifanya jelatini ya kapsuli ishikamane hata isifunguke tumboni. Kopo la plastiki lililokaa juani barabarani halitapokelewa, hata mafuta yake yawe matamu vipi kwenye wali.

Baada ya hotuba yaliulizwa maswali mawili ambayo naona yafaa kuandikwa hapa.

Mama mmoja mkamuaji aliuliza kama, kwa kuwa mafuta yanasaidia dawa kuingia mwilini, anaweza kumpa mjukuu wake dawa yoyote na kijiko cha mafuta ya nazi. Nilimjibu hivi: "Mama yangu, hapana. ALu mpe na chakula au maziwa kama ulivyoelekezwa. Lakini zipo dawa ambazo kiwango chake katika damu hakitakiwi kuongezwa. Efavirenzi humezwa tumbo likiwa tupu kwa sababu mlo wa mafuta huipandisha na kuzidisha kizunguzungu na ndoto mbaya. Ilikuwapo dawa ya malaria iitwayo halofantrini, ambayo mafuta yaliipandisha sana katika damu, nayo ilivuruga mapigo ya moyo hata ikaua. Muulize mfamasia dawa kwa dawa."

Mwanafunzi mmoja aliuliza aanzie wapi ikiwa chuo chake hakina mashine ya kupimia matone ya nanomita. Nilimwambia, mwanangu, anza kwa kupima dawa inayeyuka kiasi gani katika kila mafuta na kila kiemulishi, ukiviacha kwa saa 48 katika joto lisilobadilika. Kazi hiyo peke yake itaondoa nusu ya michanganyiko unayoiwaza. Kisha weka mililita moja ya mchanganyiko katika mililita 250 za asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji, joto nyuzi 37, kijiti kikizunguka mara 50 kwa dakika, na uandike umechukua muda gani kutawanyika na unaonekanaje. Uache siku nzima, utazame kwa hadubini kama kuna fuwele. Halafu rudia yote katika maji yenye chumvi za nyongo na pankreatini, yaani vimeng'enya vya kongosho, ukidondosha alkali kidogo kidogo ili kuzuia asidi isipande kadiri mafuta yanavyomeng'enywa. Kiasi cha alkali uliyotumia kitakuonyesha mafuta yamemeng'enywa kiasi gani, na mashine ya kuzungusha sampuli itakuonyesha dawa imebaki katika kimiminika au imetua chini. Vifaa hivyo hupatikana katika maabara nyingi za vyuo, na kwa mchanganyiko uliofaulu hatua hiyo ndipo inapofaa kuomba nafasi kwenye mashine ya wengine.